Mchoraji na Ugali Wake

Katika miaka yote niliyofundisha uchoraji, wazazi wameniuliza swali moja tu. Hawaulizi kama mtoto ana kipaji, wala atajifunza mambo gani. Huuliza: "Mwalimu, huyu akichora atakula nini?" Ni swali la haki. Mtu aliyeuza mbuzi ili alipe ada anastahili kujua mbuzi wake amekwenda wapi. Wenzangu wengi hulichukia swali hilo wakidhani ni dharau kwa sanaa. Mimi naliona kuwa ndilo swali kubwa kuliko yote katika historia ya uchoraji wa Afrika Mashariki. Hata ule ugomvi wetu wa siku nyingi, kama mwanafunzi aruhusiwe kuiga au akatazwe, kwa ndani yake ni ugomvi wa chakula. Msomaji anivumilie nieleze.

Mizizi ya ugomvi huo iko Kampala, kwenye kibaraza cha nyumba moja ya Mulago. Hapo Bi. Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa mke wa daktari, alianza kufundisha wanafunzi wachache kuchora katika nusu ya pili ya miaka ya 1930. Darasa lile la kibarazani ndilo lililokua hata likawa shule ya sanaa ya Makerere. Bi. Trowell alikuwa amesomea London, na mmoja wa walimu wake huko alikuwa Marion Richardson, mama aliyeamini kwamba mwanafunzi asiwekewe kitu mezani akinakili. Badala yake mwalimu asimulie, mwanafunzi afumbe macho, aione picha moyoni, kisha ndipo ashike brashi. Bi. Trowell alikuja na njia hiyo. Alisimulia soko la jioni, mvua inayokuja, watu wanaorudi kutoka shamba, nao wanafunzi wakachora walichokiona ndani ya vichwa vyao. Picha za Ulaya hakupenda kuwaonyesha sana, kwa kuhofia kuwa wataziiga na kuacha mali yao wenyewe.

Njia hii ninaipenda, na nimeitumia mara nyingi, hasa siku ambazo darasa halina kitu kingine ila chaki. Haihitaji gharama. Lakini ina ulezi ndani yake unaozidi kipimo, kama mama anayemzuia mtoto ndani mchana kutwa asije akanyeshewa. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na watu walizisifu kwa sababu hazikufanana na za Ulaya. Alipostaafu mwaka 1958, aliyeshika nafasi yake, Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, aliwafungulia wanafunzi milango yote iliyokuwa imefungwa: historia ya sanaa ya Ulaya, elimu ya rangi, ufundi wa kila namna. Nyumba ikapata madirisha, na baadhi ya watu wakalalamika kuwa kuna upepo.

Mwanafunzi wa Bi. Trowell ambaye sisi Watanzania tunamjua zaidi ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, akafundisha hapohapo, kisha katika miaka ya 1950 akaenda kusoma katika shule ya Slade mjini London. Mtu angetegemea kwamba kijana wa Kilimanjaro akikaa katika shule ile kubwa atarudi akichora kwa namna ya Kizungu, kwa vivuli na maungo yaliyopimwa. Ntiro hakufanya hivyo. Aliendelea kuchora Uchaga: migomba, vijia vya mlimani, watu wengi wadogowadogo wanaolima, wanaojenga, wanaobeba. Hakuna mtu mmoja anayesimama mbele kuwafunika wengine. Picha yake moja ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York. Nadhani wengi waliopita mbele ya picha ile hawajui pombe hiyo ina ladha gani. Ntiro alijua, na nguvu ya picha iko hapo.

Watu husema Ntiro alipata msukumo kutoka kumbukumbu za nyumbani, na ni kweli. Lakini tazama maisha yake. Alikuwa mwalimu wa chuo. Baada ya uhuru, kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, alikuwa Balozi wetu mjini London. Baadaye akashika madaraka ya utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yaani kwa karibu maisha yake yote alikuwa mtu wa mshahara. Angeweza kuchora mgomba uleule kwa namna aliyoitaka yeye, na picha isiponunuliwa, nyumbani watakula. Sisemi hivi kumpunguzia heshima. Nasema kwamba kumbukumbu nayo ni shamba, na shamba linataka mtu mwenye nafasi ya kulilima.

Na kwa kuwa tumegusa mishahara, siwezi kupita bila kumtaja mkewe, Sarah Nyendwoha Ntiro, Mganda, mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya Oxford. Aliporudi kufundisha katika shule ya wasichana ya Gayaza akakuta walimu wanawake wanalipwa pungufu ya wanaume kwa kazi ileile. Hakupiga kelele. Alisema basi yeye atafundisha bure. Wakubwa walishikwa na haya, na jambo lile likasaidia kuleta usawa wa malipo. Ninalipenda sana jibu lile. Aliyejua thamani ya mshahara ndiye aliyethubutu kuukataa.

Kijana mwingine wa Uchagani aliyepita Makerere ni Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa tano katika kanisa la ukumbusho la Murang'a nchini Kenya, tangu kuzaliwa kwa Yesu hadi msalaba, na Yesu wake ni Mwafrika, ardhi anayoikanyaga ni ardhi ya vilima vya Murang'a. Fikiria wakati wenyewe: vita vya Mau Mau vimetoka kuzima, makovu bado mabichi, na kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa katika vita hivyo. Kuchora Yesu wa aina ile mahali pale hakukuwa mapambo. Mwaka 1965, Njau na wenzake walianzisha Nairobi nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, ambayo sehemu yake kubwa iliteketea kwa moto mwaka 1997, na bado haikukubali kufa. Msemo wake mashuhuri, alioubandika ili kila aingiaye ausome, una maana kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Mungu aliye ndani ya mchoraji, anayeumba, husinzia mchoraji anapofuatisha kazi ya mwingine.

Wanafunzi wangu niliwaeleza msemo huo wakaukariri upesi sana. Niliwaambia, kwa mzaha, kwamba kuukariri nako ni kuiga.

Sasa tutoke vyuoni. Mwaka 1968, wakati Ntiro na Njau wakiwa tayari ni majina, mtu mmoja jijini Dar es Salaam alianza kuchora bila mwalimu wala darasa. Huyu ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilayani Tunduru, kusini kabisa, mwaka 1932 kwa hesabu ya wengi. Shule aliionja kidogo tu. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya katani kama vijana wengi wa kusini, kisha akaingia Dar es Salaam akawa mtunza bustani na mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Baadaye aliwahi kuwa mtumishi katika hospitali ya Muhimbili. Inasimuliwa kwamba aliwaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha mjini, akajiambia na yeye anaweza. Hakufumba macho kuitafuta picha moyoni. Aliona biashara, na sioni aibu kulisema hivyo, maana ndivyo fundi seremala anavyoanza, na mshonaji, na mpishi.

Alitumia hadibodi, zile zinazopigiliwa darini, akazikata za mraba, kila upande kama sentimita 60. Alitumia rangi za kupakia baiskeli. Akapaka sehemu ya nyuma rangi moja, kisha katikati akaweka mnyama mmoja: chui, tembo, kongoni, ndege. Mgongo wa mnyama hupinda kufuata ubao, macho yanakutazama, madoa yamepangwa kwa uvumilivu wa mwanamke anayesuka mkeka. Wamechora wanyama wengi tangu siku hizo, lakini chui wa Tingatinga mwenyewe wana kitu ambacho warithi wake wachache wamekifikia. Wamejaa. Hakuna nafasi iliyobaki ya kuongeza kitu.

Nimeichorea rangi ya baiskeli miaka kadhaa, nilipokuwa nikiandika mabango ya vinyozi na maduka ya dawa ili kuongezea mshahara, kwa hiyo naweza kusema jinsi inavyomtawala mtu. Inang'aa, inafunika vizuri, inauzwa kwenye duka lolote la vifaa, na kopo dogo linakwenda mbali. Lakini haikubali kubembelezwa. Huwezi kuchanganya rangi mbili taratibu juu ya ubao kama afanyavyo mwenye rangi za mafuta za kisanii. Unapaka, unangoja ikauke, unaweka tabaka jingine juu. Chini kwanza, halafu mwili wa mnyama, halafu madoa, mwisho mstari wa pembeni. Na unapongoja ubao wa kwanza ukauke utafanya nini? Utapaka wa pili. Ukingoja wa pili, utapaka wa tatu. Na mbao zikiwa nyingi kuliko mikono, utamwita mdogo wako aje ajaze madoa. Huo ndio mchana mzima wa kazi. Wanaodhani kwamba mtindo wa kurudiarudia ulizaliwa na uvivu wa akili hawajawahi kukaa saa nzima wakitazama rangi ikikauka huku nyumbani wakingojewa na unga.

Mkewe Agatha aliuza picha pale Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali walipopita Wazungu na mabalozi kununua mahitaji yao. Picha zilinunuliwa. Basi ndugu na jamaa wakaja: Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah. Tingatinga aliwafundishaje? Aliwafundisha kama alivyoweza kufundishwa mtu yeyote wa kusini kuchonga au kusuka: kaa hapa, tazama, jaza, kisha chora kama hivi. Katika njia hiyo kunakili hakukatazwi. Ndiko kusoma kwenyewe, na tena kunalipwa, kwa sababu picha ya mwanafunzi nayo inauzwa. Hakuna shule yetu ya sanaa iliyowahi kumpa mwanafunzi chakula siku ya kwanza ya masomo. Ile ya Tingatinga, isiyo na jengo wala cheti, ilifanya hivyo.

Ilidumu mikononi mwake miaka minne tu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliodhani gari alimokuwamo ni la wahalifu. Katika hali ya kawaida jambo hili lingeishia hapo. Tungekuwa na picha kadhaa kwenye kuta za watu walioondoka nchini, na jina la trekta. Halikuishia hapo kwa sababu wanafunzi walikuwa wanajua kunakili. Walikaa palepale wakaendelea, wakawafundisha wengine, hao nao wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Leo jina la mtu huyu ni jina la aina nzima ya picha, na mwaka 2010 hata katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi zikaitwa kwa jina hilo. Kama angewaambia vijana wale kwamba kuiga ni dhambi, wangerudi kwenye bustani za watu.

Wala asidhani msomaji kwamba hii ni njia ya watu wasio na elimu. Hokusai wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1760 na kufa mwaka 1849, mchoraji ambaye hata wasiojua jina lake wanalijua lile wimbi lake kubwa, alianza mwaka 1814 kutoa vitabu vya michoro: watu wakioga, wakicheka, samaki, farasi, mvua, mapaa ya nyumba. Vilikuwa vielelezo vya kuigwa, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wengi na wametawanyika, naye maisha yake yote alikuwa na shida ya fedha. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80 aliingia desturi ya kuchora simba asubuhi, siku baada ya siku, kama kinga ya mabaya. Simba uleule, na hawafanani. Hapo ndipo ninapojiuliza huyo Mungu wa mchoraji alikuwa amelala au alikuwa anaamshwa.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana mkimya, hodari wa kufuatisha na mwoga wa kubuni. Nikisimulia hadithi kwa njia ya Bi. Trowell, karatasi yake hubaki nyeupe. Siku moja nilichora jogoo ubaoni kwa ajili ya darasa jingine, naye akaomba asifutwe. Akamnakili. Kesho yake akamnakili tena, na kesho kutwa, kwa kalamu, kwa mkaa, nyuma ya madaftari. Walimu wenzangu walicheka. Sikumkataza. Kama baada ya mwezi hivi nilimkuta jogoo mmoja amegeuza shingo na kutazama nyuma. Wangu hakuwa ametazama nyuma. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu, "Shikamoo Mwalimu. Alichoka kutazama huko." Mkono wake ulikuwa umemjua jogoo kiasi cha kuweza kumwachia huru. Sidhani kijana yule angefika hapo kwa kufumba macho.

Hata hivyo Njau hakusema bure, na atakayekwenda Oyster Bay na macho yake ataona alichokiogopa. Mnunuzi akitaka twiga watatu chini ya mlima, watachorwa twiga watatu chini ya mlima mpaka mchoraji mwenyewe hawatazami tena. Mtalii ana nafasi ndogo begini, basi picha inapungua. Anataka rangi za kumkumbusha likizo, basi rangi zinapiga kelele. Na zimesambaa picha za bandia zenye sahihi ya marehemu, zikiuzwa kwa wanaodhani wananunua mkono wake. Huko ni mbali na kuiga kwa mwanafunzi anayejifunza, na si haki kuyapa mambo hayo mawili jina moja. Mwanafunzi huiga ili mkono upate akili. Mwenye duka huigisha ili mkono usipoteze wakati. Tofauti inaonekana kwa jambo dogo: je, jogoo akigeuza shingo, kuna mtu atakayemruhusu?

Ndiyo maana nimesema ugomvi huu ni wa chakula. Waliosema msiige walikuwa na mishahara ya kuwaruhusu kungoja. Walioiga hawakuwa na cha kungojea. Ukimpa wa pili miezi mitatu ya unga, huenda akachora kitu ambacho hajakichora mtu. Na ukimnyima wa kwanza mshahara wake, tutaona kama hatachora twiga.

Katika wale wa mwanzo, ninayemfikiria mara kwa mara ni Simon Mpata. Alijifunza kwa kujaza na kufuatisha kama wenzake. Baada ya hapo akaondoka Dar es Salaam, akaenda Nairobi, akachora huko mpaka alipofariki mwaka 1984. Picha zake ukiziona unajua ametoka kwa nani, na unajua pia kuwa si za yule aliyemfundisha. Wanyama wake wamelegea, wana ucheshi, wanaonekana kama watu waliokula wakashiba. Wajapani walizipenda picha hizo kupita kiasi, na huko Maasai Mara, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ipo hoteli ya kitalii iliyopewa jina lake.

Nimewahi kumwonyesha mama mmoja picha ya Mpata kitabuni, aliponiuliza lile swali lao. Aliitazama kwa muda mrefu, akataka kujua bei yake. Nikamtajia bei niliyowahi kuisikia. Akasema, "Basi mfundishe, lakini na hesabu asiache."